AC ya gari haipozi: pa kuanzia kabla hujaambiwa ujaze gesi

Mwambie fundi "AC haipozi" na mara nyingi utapewa jibu moja kati ya mawili: gesi imeisha, au kompresa imekufa. La kwanza ni rahisi kukuuzia, la pili litakutoa hela nyingi. Katikati ya hayo mawili kuna sababu chungu nzima, na kadhaa kati yake unaweza kuzigundua mwenyewe nyumbani, bila geji za kupimia presha na bila mtungi wa gesi.

Hapa naongelea magari tuliyonayo wengi: Toyota ndogo za kutoka Japani, Corolla, Carina, Premio, Vitz, IST, za kati ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, zilizotumika huko kwanza zikaja kumalizia umri wake hapa Dar. Nissan na Honda za rika hilo hazitofautiani nazo sana.

Kwanza tuelewane kuhusu gesi. Petroli inaungua na oili ya injini inachakaa, lakini gesi ya AC hailiwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa inaisukuma ikiwa ya moto na yenye presha kubwa. Kondensa iliyo mbele ya rejeta inaitoa joto mpaka inakuwa kimiminika. Inapita kwenye draya inayonyonya unyevu. Kisha valvu ya ekspansheni inaiachia ghafla ndani ya evaporeta, nyuma ya dashibodi, nayo inachemka pale kwa baridi na kunyonya joto la hewa inayokupulizia usoni. Baada ya hapo inarudi kompresa. Kwa hiyo gesi ikipungua, imetoka, na kama imetoka kuna mahali pa kutokea. Gari la miaka ishirini na zaidi hupoteza kidogo kidogo kupitia mipira na sili ya kompresa, hivyo kuongeza baada ya miaka kadhaa si ajabu. Kuongeza kila baada ya miezi michache ni kulipia tundu lilelile.

Pima kabla ya kushika kitu

Egesha kivulini, funga madirisha, weka baridi mwisho, blowa (feni inayopuliza hewa ndani ya gari) namba ya juu, na bonyeza kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Chomeka kipimajoto kwenye tundu la hewa la katikati. Mtu akanyage mafuta kidogo mpaka mizunguko 1,500 kwa dakika, subiri dakika kumi. AC nzima kwenye gari la namna hii itashuka hadi nyuzi 5 mpaka 10 hivi. Siku ya mvuke mzito, 12 bado si ugonjwa.

Huo mvuke una maana kubwa kwetu wa pwani. Sehemu nzuri ya nguvu ya AC inaishia kwenye kukamua maji hewani kabla ya kushusha joto lenyewe. Ndiyo maana gari linalosifiwa Dodoma au Nairobi linaweza kuonekana dhaifu likifika Dar, Tanga au Mombasa bila kuharibika chochote. Ukiona maji yanadondoka chini upande wa abiria wa mbele, furahi, evaporeta inafanya kazi. Na ukiacha hewa ya nje ikiwa inaingia saa nane mchana, AC itakamua maji ya mji mzima.

Blowa haipulizi, au inapuliza namba ya mwisho tu

Hapa gesi haihusiki kabisa. Kama namba ya juu inafanya kazi na nyingine zimekufa, ni rezista ya blowa, kidude kidogo karibu na blowa yenyewe chini ya droo ya dashibodi. Kinauzwa bei ndogo na kinafungwa kwa skrubu mbili. Kama kimya kabisa, angalia fyuzi, rilei, kisha plagi ya mota. Kwenye magari haya plagi huungua na kuwa nyeusi. Fyuzi ikiungua tena usiweke kubwa zaidi. Mota imechoka na inavuta umeme mwingi, na hiyo fyuzi kubwa itauachia moto uende kwenye nyaya.

Blowa inanguruma lakini hewa inatoka kwa shida

Fungua droo ya dashibodi. Magari mengi ya kuanzia miaka ya 2000 yana filta ya hewa nyuma yake, na wapo wanaomiliki gari miaka mitano bila kujua. Itoe. Nimeshaona zenye majani ya mwarobaini, manyoya ya kuku na kiota cha panya. Corolla nyingi za miaka ya 1990 hazina filta kabisa, hivyo vumbi lote linakwenda kulala juu ya evaporeta, linalowana na yale maji, linakuwa tope. Kuna povu la kusafishia evaporeta linalopuliziwa kupitia tundu la blowa au la maji. Kwa uchafu wa wastani linatosha. Ukiwa umeganda sana, evaporeta inatoka nje, na hiyo ni kazi ya siku nzima.

Ugonjwa unaofanana na huo, lakini si huo: hewa inaanza na nguvu na baridi safi, baada ya nusu saa inapungua mpaka inakuwa kama pumzi ya mgonjwa. Zima kitufe cha AC, acha blowa ikipuliza dakika kumi. Hewa ikirudi na maji mengi yakamwagika chini, evaporeta ilikuwa imeganda barafu. Anza na filta na uchafu, kisha thamista, kile kihisio kinachotakiwa kuzima kompresa kabla ya kuganda. Gesi pungufu nayo hugandisha, jambo linalowashangaza wengi.

Inapoza ukiwa kwenye mwendo, kwenye foleni inageuka joto

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na ndilo linaloongoza kwa watu kujaziwa gesi isiyohitajika. Ukitembea kilomita 80 kwa saa, upepo unapoza kondensa bure. Ukikwama Ubungo, kondensa inategemea feni tu. Feni ikiwa dhaifu, gesi haipozwi, presha inapanda, na ile swichi ya presha inaizima kompresa ili kuiokoa. Fundi akikuongezea gesi hapo, presha inapanda zaidi na hali inakuwa mbaya kuliko ulivyokuja.

Jaribio lake ni la dakika mbili. Fungua boneti injini ikiwa inaunguruma, mwombe mtu awashe AC. Feni ya kondensa inatakiwa kuanza mara moja au sekunde chache baada ya kompresa kushika, bila kusubiri injini ichemke. Mikono, shanga na mtandio viwe mbali, kwani feni hizi huwaka zenyewe bila kukuaga.

Haizunguki? Fyuzi, rilei, plagi, kisha mpelekee mota umeme wa moja kwa moja toka kwenye betri. Ikizunguka, kosa liko kwenye umeme unaoiletea. Isipozunguka, au ikaanza baada ya kusukumwa kwa kijiti, brashi zimekwisha.

Inazunguka? Usiridhike bado. Chukua karatasi ya daftari, iweke mbele ya kondensa kwa nje. Feni nzima inaivuta na kuing'ang'aniza. Karatasi ikianguka, feni ni hafifu. Ikisukumwa nje, feni inazunguka kinyumenyume: mtu alibadilisha mota kwa spea ya mtumba, akageuza nyaya mbili. Injini yenyewe huanza kuchemka na mwenye gari anakimbilia kubadili rejeta. Angalia pia kama lile duara la plastiki linaloizunguka feni lipo. Likivunjika likatupwa, feni inazungusha hewa ileile ya moto.

Feni ikiwa sawa, hamia kwenye kondensa. Mbele inaweza kuonekana safi kabisa huku nyuma yake, kwenye uwazi kati yake na rejeta, kumejaa vumbi, mbegu na wadudu mpaka mwanga haupiti. Mwagilia maji ya mpira ya kawaida kutokea nyuma kuja mbele, injini ikiwa imepoa. Mashine ya kuoshea magari ina nguvu mno, inalaza mapezi ya alumini na hapo hewa haipiti tena. Kuthibitisha, subiri hewa iwe ya moto gari likiwa limesimama, kisha nyunyizia kondensa maji. Baridi ikirudi ndani ya dakika moja, tatizo liko huko mbele, acha gesi ilivyo.

Hewa ya moto muda wote

Swali la kwanza ni kama kompresa inashika. Washa AC ukiwa umesimama mbele ya gari: utasikia "tak", mngurumo wa injini utabadilika kidogo, na sahani ya mbele ya kompresa, iliyokuwa imetulia huku puli ikizunguka, itaanza kuzunguka nayo.

Haishiki. Fyuzi kwanza, kisha badilishana rilei yake na nyingine yenye namba ileile, kwa mfano ya honi kama zinafanana. Baada ya hapo inakuja swichi ya presha, ambayo hukata umeme gesi ikiwa chache mno au presha ikizidi mno. Wapo wanaoiunganisha kwa waya ili kompresa "ilazimike". Kwa sekunde mbili za kupima, sawa. Ukiendesha hivyo umeiua, kwa sababu oili ya kompresa inasafiri na gesi. Hakuna gesi, hakuna oili.

Inashika asubuhi, injini ikipata moto inakataa. Hapo mshuku klachi ya kompresa. Nafasi kati ya sahani na puli inatakiwa iwe karibu nusu milimita. Ikichakaa inaongezeka, na sumaku iliyopata joto haina tena nguvu ya kuivuta sahani. Zima injini, pima kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Mara nyingi dawa ni kufungua boliti ya katikati, kutoa washa moja nyembamba nyuma ya sahani, na kufunga. Nimeona kompresa nzima zikitupwa kwa sababu ya washa hiyo.

Taa ya kitufe cha AC inapepesa. Kwenye Toyota nyingi hiyo ina maana kompyuta ya AC imeona kompresa haizunguki sambamba na injini, ikaizima. Kaza mkanda au ubadilishe, na angalia plagi ya kihisio cha kompresa, kabla hujaamini kuwa imejam.

Inashika, na bado moto. Tafuta yale mabomba mawili ya alumini yanayoingia kwenye ukuta kati ya injini na ndani ya gari. Lile nene liguse kwa tahadhari. Likiwa la baridi na linatoka jasho, AC yako ni nzima, na joto linatoka kwenye hita. Magari haya yana bomba lenye bilula ya maji ya moto, inayovutwa na kebo toka kwenye swichi ya joto, au mlango mdogo ndani ya dashibodi unaochanganya hewa. Kebo ikichomoka au bilula isipofunga, baridi na joto vinakutana na wewe unapata vuguvugu. Mwambie mtu azungushe swichi ya joto huku ukiangalia kama kebo inasogea. Ukibana bomba la mpira la hita kwa klempu na baridi ikarudi, umemaliza upelelezi.

Geji zinasema nini

Bomba nene lisipokuwa la baridi, sasa geji zina kazi. Gari likiwa limezimwa na limepoa, geji zote mbili zisome sawa. Kwa R134a, gesi ya magari haya, kwenye joto la nyuzi 30, ni karibu psi 97. Ikiwa 30 au 40, gesi imekimbia. Ikiwa 97, ipo, ila hujajua ni kiasi gani, kwa hiyo usimkubalie fundi anayepima gari lililozimwa na kutoa hukumu.

Injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500, hewa ya nje nyuzi 30 mpaka 35, vitabu vya Toyota vinataka upande wa chini, wa presha ndogo, usome kama psi 21 mpaka 36, na upande wa juu, wa presha kubwa, 199 mpaka 228. Zote zikiwa chini, gesi ni pungufu. Zote zikiwa juu, ama kondensa haipozwi, ama gesi imezidi, ama kuna hewa ndani kwa sababu mtu alijaza bila kuvuta vakyumu, yaani kunyonya hewa yote kwanza. Upande wa chini ukisoma juu na wa juu ukisoma chini, kompresa haisukumi tena. Hapo ndipo unaruhusiwa kuhuzunika. Chini ikienda mpaka kwenye vakyumu, kuna kuziba, mara nyingi kwenye valvu ya ekspansheni au draya. Ikifanya hivyo na kuacha, na kurudia, ni unyevu unaoganda kwenye valvu na kuyeyuka.

Magari mengi ya miaka ya 1990 yana kioo kidogo juu ya draya. Kifute, washa AC, piga resi kidogo. Mapovu yasiyoisha, gesi pungufu. Kioo kikiwa angavu bila povu lolote kinaweza kumaanisha gesi imetosha, imezidi au haipo, na hapo baridi ya bomba itakupa jibu.

Gesi inaisha tena na tena

Gesi ikitoka hubeba oili, na oili hushika vumbi. Kwa hiyo kabla ya kifaa chochote tafuta sehemu yenye tope la mafuta pasipostahili: maungio ya mabomba yenye oringi (pete za mpira), mbele ya kompresa nyuma ya klachi, pembe za chini za kondensa, pale bomba linapogusana na chuma. Usisahau vile vivalvu viwili vya kujazia. Paka povu la sabuni juu yake baada ya kufungua vifuniko. Kivalvu cha bei ya soda kinaweza kuwa ndicho kinachokumaliza.

Kama hapaonekani, mfumo ujazwe naitrojeni kavu, presha iachwe, sabuni ipite kila ungio. Mafundi wa friji na AC za majumbani wanayo mitungi hiyo. Yeyote akitaka kutumia oksijeni ya kuchomelea, funga boneti uondoke. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili inaweza kulipuka. Hewa ya kujazia matairi nayo ina unyevu, haifai.

Tundu likizibwa, draya mpya, oringi mpya zilizopakwa oili, kisha pampu ya vakyumu nusu saa au zaidi. Funga geji, zima pampu, subiri. Sindano ikipanda bado kunavuja. Ikitulia, gesi iingie kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye stika chini ya boneti. Kwa magari haya madogo ni mamia kadhaa ya gramu, na kuzidisha kunapunguza baridi.

Hakikisha pia ni gesi gani. Magari ya kabla ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalitumia R12, ambayo Itifaki ya Montreal ya 1987 iliiondoa kwa sababu ya tabaka la ozoni. Baada yake ikaja R134a. Oili ya R12 haichanganyiki na R134a, kwa hiyo gari kongwe linahitaji oili, draya, oringi na vivalvu vipya kabla ya kubadilishwa. R134a nayo huongeza joto la dunia zaidi ya mara elfu moja ya kaboni dioksaidi, kilo kwa kilo, na ndiyo maana iliwekwa kwenye makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016. Fundi mwenye mashine hunyonya gesi ya zamani. Anayefungua bomba na kuipuliza hewani anakupulizia na wewe, na ikigusa jicho au ngozi inagandisha papo hapo.

Gesi ya kupikia inapoza kweli, sitakataa. Ila evaporeta yako iko ndani ya chumba unachokaa na watoto, na ikipasuka unahitaji cheche moja tu. Dawa za chupa za kuziba matundu nazo huishia kuziba valvu.

Maji miguuni, harufu, kelele

Zulia la abiria likilowa na chini ya gari kukavu, mrija wa kutolea maji umeziba; uzibue toka chini kwa waya laini. Harufu ya uvundo ni ukungu wa kwenye evaporeta. Baada ya kuisafisha, jizoeze kuzima AC dakika chache kabla ya kufika na kuacha blowa iikaushe. Mlio unaosikika AC ikiwa imezimwa ni beringi ya puli, inabadilishwa peke yake. Mlio unaoanza AC ikishika unatoka ndani ya kompresa.

Kama ni kompresa kweli

Kompresa iliyosagika inasambaza unga wa chuma mpaka kwenye kondensa. Ukifunga nyingine bila kusafisha mabomba, kubadili draya na mara nyingi kondensa yenyewe, utarudi dukani mapema. Oili iwe ya aina na kiasi cha kompresa hiyo, kwa kawaida PAG kwa R134a. Gari likiwa haibridi kama Prius, acha kabisa: kompresa yake inaendeshwa na umeme mkubwa kwa nyaya za rangi ya chungwa, inatumia oili ya POE, na PAG kidogo tu inaweza kuharibu ukingaji wa umeme ndani yake.

Ukienda Gerezani, Dar, au Kirinyaga Road, Nairobi, kutafuta ya mtumba, izungushe sahani ya mbele kwa mkono. Iende laini, yenye ukinzani kidogo unaolingana mzunguko mzima. Chovya kidole au kitambaa cheupe kwenye tundu la gesi: oili nyeusi au yenye vimetameta, rudisha. Matundu yake yawe yamezibwa kwa plagi au mkanda. Iliyokaa rafuni midomo wazi kwenye vumbi la barabarani iache hapohapo, hata kama bei inavutia.